Mshororo Mmoja kwenye Kijiti cha RAM

Laptopu ilikuwa imelazwa kifudifudi mezani, mfuniko wa chini umeshafunguliwa, na fundi alikuwa amechomoa kijiti cha RAM. Akakisogeza kwenye taa, akakisoma bila kusema neno, kisha akanipa. Katikati ya lebo nyeupe, chini ya jina la kiwanda, palikuwa na mshororo huu:

8GB 1Rx8 PC4-2666V-SA1-11

Nauita mshororo kwa makusudi. Una kanuni, una mpangilio usiobadilika, na kila herufi ina kiti chake. Kanuni zenyewe zimewekwa na JEDEC, chombo cha watengenezaji wa vifaa vya elektroniki kilichoanzishwa Marekani mwaka 1958, na viwanda vinavyoshindana sokoni huzifuata. Watu wanaotaka kuongeza RAM huusoma hadi neno la kwanza tu, wakaishia hapo. Mimi naomba tuusome hadi mwisho.

Huanza na 8GB, na hapo mtunzi kapatia. Kompyuta inayoganda kwa kazi nyingi mara nyingi haihitaji kasi, inahitaji nafasi. RAM ikijaa, mfumo huanza kuhamishia mizigo kwenye diski. Diski ya kuzunguka hujibu kwa milisekunde, RAM hujibu kwa nanosekunde. Tofauti ni ya maelfu kwa maelfu. Ndiyo maana kutoka 4GB kwenda 8GB mtu huhisi mashine imepona, lakini kubadili kasi peke yake mara nyingi hakumpi jambo la kusimulia. Jambo zito limetangulia, kama inavyostahili.

1Rx8 ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Namba ya mwisho inasema kila chipu huchangia biti 8 kwa mkupuo. Herufi R yenye 1 mbele yake inasema chipu zote ni kundi moja, zinaitwa pamoja. Njia ya data ya kijiti ina upana wa biti 64. Basi gawanya 64 kwa 8, kisha geuza kijiti uhesabu: chipu nane. Gawanya 8GB kwa chipu hizo: gigabaiti moja kila moja. Nilihesabu pale pale mezani kwa ncha ya kalamu, zikatimia. Kijiti kilichoandikwa 1Rx16 kingekuwa na chipu nne tu. Ni maandishi machache sana yanayomruhusu msomaji kuyahakiki kwa macho yake namna hii, neno likathibitishwa na kitu chenyewe kilichobandikwa.

PC4 ni kizazi: DDR4, ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 2012. Hutumia volti 1.2, na kijiti chake cha laptopu kina pini 260, wakati cha DDR3 kina 204. Hapa lebo haifanyi kazi peke yake. Tazama ukingo wenye pini za dhahabu: kuna pengo, nalo halikai katikati, na kila kizazi kimelihamisha. Asiyejua kusoma hata herufi moja atazuiwa na pengo hilo. Kijiti kikigoma kuingia, usikilazimishe, kimeshakujibu.

Tufike penye kasoro. Weka kando ya mshororo wetu ule wa kizazi kilichotangulia: 4GB 1Rx8 PC3L-12800S. Mwenye akili timamu atalinganisha 12800 na 2666, na ataona cha zamani kina kasi karibu mara tano. Amekosea, lakini kosa si lake. Kwenye DDR3 namba ilihesabu megabaiti kwa sekunde. Kwenye DDR4 inahesabu mamilioni ya safari za data kwa sekunde, na kila safari hubeba baiti 8. Zidisha 2666 kwa 8 upate takriban 21300. Sasa ndipo unapoweza kulinganisha. Mtunzi kabadili mizani katikati ya utenzi, akaacha kiti kile kile na sura ile ile ya namba. Katika ushairi tungesema mshororo ni guni. Dukani, mtu hulipia kitu asichokikusudia.

Namba hiyo hiyo huzua ugomvi mwingine. Programu kama CPU-Z huonyesha megahezi 1333, na mteja hurudi kwa fundi akidai kauziwa nusu. Hajaibiwa. DDR husafirisha data mara mbili katika kila pigo la saa, kwa hiyo mapigo milioni 1333 hutoa safari milioni 2666.

Kisha herufi V. Lebo ya DDR3 ilikuwa ikiandika mizunguko ya kusubiri kwa tarakimu, mathalani 11. DDR4 imezificha tarakimu 19-19-19 nyuma ya herufi moja ambayo mnunuzi hana pa kuifumbulia. Nalihesabu hili kuwa hasara ya kweli, kwa sababu namba zile zingemwonyesha jambo zuri: mizunguko 11 ya DDR3 hiyo ni nanosekunde 13.75, na mizunguko 19 ya DDR4 yetu ni 14.25. Kizazi kipya kinabeba mzigo mkubwa zaidi, lakini jibu la kwanza haliji mapema zaidi. Ufupi ni sifa pale unapobana maana, si pale unapoifungia msomaji mlango.

SA1-11 hupita haraka. S ni kijiti cha laptopu. Cha mezani kingekuwa U. A1 ni ramani ya bodi yake. 11 ni toleo la taarifa zilizomo katika chipu ndogo kando ya zile kubwa. Chipu hiyo ndiyo kompyuta huisoma inapowaka. Lebo ni ya binadamu na inaweza kubanduliwa, ikabandikwa nyingine. Kwa hiyo ukishafunga, fungua programu inayoonyesha RAM na ulinganishe.

Lipo ambalo lebo haisemi wala haiwezi kusema: kikomo cha bodi yako, na kama ina sloti yoyote. Laptopu nyingi nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi, hakuna cha kuchomoa. Hilo huulizwa kwenye mashine.

Lakini kama ina sloti, fungua, piga picha lebo ya kijiti kilichomo, mshororo mzima usikatike, uende nayo dukani. Muuzaji akikujibu kwa gigabaiti peke yake, mwonyeshe picha na umwombe asome hadi mwisho.