Kuchanganya, Kukanda na Kusawazisha

Msomaji, yamkini umepata kuisikia kauli hii: Eastleigh ni mahali ambapo watu wa Afrika Mashariki wamechanganyika wakawa kitu kimoja. Husemwa kwa sifa, na msemaji hupigiwa makofi. Lakini ukiipima kama mwenye duka apimavyo kitambaa, dhiraa kwa dhiraa, utaona kwamba nusu yake ya pili haitokani na ya kwanza. Kuchanganyika ni jambo moja; kuwa kitu kimoja ni jambo jingine. Kiswahili kina neno kwa kila moja, na mwandishi asiyeyatenga maneno hayo huwapotosha wasomaji wake.

Tuanze na changanya. Mchele ukichanganywa na choroko, jicho huziona punje za namna zote mbili, na mkono wenye subira waweza kuzitenga tena. Neno hili lakaribiana na changa, na katika mchango kila mtu hujulikana alicholeta. Neno la pili ni kanda. Unga, maji na chumvi vikiisha kukandwa, hapana ungo wala chujio uwezao kuvirudisha katika hali yake ya kwanza. La tatu ni sawazisha. Hili halihitaji vitu kuingiana hata kidogo. Kilichozidi hukatwa, kilichopungua hujazwa, na mwenye kushika randa ndiye aamuaye kipimo.

Sasa litazame jambo lenyewe. Katika siku za ukoloni Nairobi iligawanywa kwa rangi, na Eastleigh ikawa makao ya Wahindi na Wasomali wengi. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, wakimbizi wengi walifika hapo, na nyumba ya wageni iitwayo Garissa Lodge ikageuka kuwa soko la maduka madogo madogo. Leo muuza miraa wa Meru humwita mteja kwa Kiswahili, na mteja humjibu kwa Kiswahili. Kisha kila mmoja humgeukia mwenzake akasema Kimeru, Kisomali au Kioromo. Huko ni kuchanganyika, tena kwa heri. Asemaye kwamba wamekuwa donge moja hajawasikiliza.

Walakini si haki kusema kwamba ukandaji haupo Eastlands. Upo katika vinywa vya vijana. Sheng imetwaa sarufi ya Kiswahili ikatia maneno ya Kiingereza na ya lugha nyingine nyingi za Kenya, na kijana alitumiapo neno hasumbuki kujua lilikotoka. Lugha ndiyo iliyokandwa. Nyumba za wasemaji zingali mbalimbali.

Neno la tatu ndilo lenye hatari. Waryaa ni neno la Kisomali la kumwita mwanamume au kijana, kama wewe usemavyo “ewe bwana”. Mitaani limegeuzwa likawa jina la watu wote wenye sura fulani, na mara nyingi hutamkwa kwa dharau. Aitwaye hivyo pengine ni Mkenya wa Wajir, pengine ni mkimbizi wa Mogadishu, pengine ni Mworomo asiyejua Kisomali. Neno limewasawazisha bila ya kuwaunganisha. Usidhani kwamba kosa hili hukaa ulimini tu. Mwezi wa Aprili 2014, katika msako ulioitwa Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao katika Eastleigh, na wengi wakapelekwa katika uwanja wa Kasarani ili hati zao zichunguzwe. Miongoni mwao walikuwamo raia wa Kenya. Kabla ya hati kusomwa, sura ilikuwa imekwisha kuhukumu.

Je, kusawazisha ni kubaya daima? La. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaishika kazi hiyo. Kwa ajili yake kitabu kilichopigwa chapa Nairobi husomeka Dodoma. Lakini yafaa tuseme kweli: lahaja hazikukandwa pamoja. Moja ilifanywa kipimo, na mtoto wa Mombasa aliyesema mato na ndia akafundishwa kuandika macho na njia. Faida ilikuwa kubwa, na gharama yake ililipwa na baadhi yetu tu. Atakayeuita ule uchaguzi mchanganyiko huificha gharama hiyo.

Basi, mwanafunzi, utakapoandika kwamba watu wameungana, jiulize kwanza: je, kila mmoja angali anajulikana alicholeta? Ama wote wamegeuka kuwa kitu kipya? Ama mmoja amefanywa kipimo cha wengine? Ukiisha kulipata jibu, neno lake halitakuwa mbali. Nawe hutakuwa umemdhulumu mtu kwa uvivu wa kalamu.