Neno "Nice": Asili na Matumizi

Katika sura ya 14 ya riwaya ya Jane Austen, Northanger Abbey, iliyotolewa mwishoni mwa 1817, Catherine Morland anakisifu kitabu cha Ann Radcliffe kwa neno "nice". Henry Tilney anamdhihaki: ikiwa akusudiacho ni unadhifu, basi hilo lategemea jalada. Anaongeza kwamba hapo awali neno hilo lilitaja unadhifu na uadilifu, ilhali sasa husifia kila kitu.

Hoja hiyo ina sehemu mbili, na haifai kuzichanganya. Ya kwanza yahusu asili. Kiingereza kililipata neno hili kutoka Kifaransa cha kale, nacho kililirithi Kilatini "nescius", yaani asiyejua. Katika karne ya 14 lilimaanisha mpumbavu. Baadaye likaja kumtaja mtu mchaguzi mno, kisha jambo lenye usahihi wa kina. Na katika karne ya 18 likaenea kwa maana ya chenye kupendeza. Unadhifu autajao Tilney, basi, si chanzo bali ni kituo kimoja cha njiani. Lau asili ingekuwa sheria, yeye na Catherine wangekuwa wamekosea sawasawa.

Kiswahili chenyewe chatoa ushahidi. Fedha, neno lenye asili ya Kiarabu, ni jina la madini, na papo hapo ni jina la pesa. Hakuna muuza duka akataaye noti kwa kuwa ni karatasi. Wala maana ya kale haikufa: mwanariadha hupewa medali ya fedha, kama vile Mwingereza asemavyo "a nice distinction" akikusudia tofauti nyembamba ihitajiyo jicho kali. Muktadha ndio uamuao.

Sehemu ya pili ina uzito zaidi. Neno lisifialo siku, matembezi na kitabu kwa kipimo kimoja halimwambii msikilizaji ni nini kilichosifiwa. Lakini Catherine anatangaza furaha yake tu; hahakiki. Kwa mazungumzo, neno latosha. Mwanafunzi aandikaye kwamba utenzi fulani ni "mzuri" ndiye astahiliye kuulizwa: uzuri huo uko katika vina, katika hoja, au katika usawiri wa wahusika?

Tofauti hiyo humhusu mfasiri pia. Akiandika "kitabu kizuri", dhihaka ya Tilney hupotea, kwani "-zuri" halibebi unadhifu. Akiandika "kitabu safi", dhihaka husimama: "safi" ni kisicho na uchafu, na katika usemi wa kila siku ni chenye kupendeza. Neno hilo nalo limesafiri, na wasemaji wake hawakuomba idhini ya kamusi. Kazi ya mwalimu si kulirudisha lilikotoka, bali ni kumtaka mwandishi aonyeshe amelitumia kwa maana ipi.