Ghala la Malaki na Ghala la Luka

Kila mwaka mahindi yakishaanikwa, katika sharika nyingi za hapa Makambako na vijiji vyake husomwa Malaki 3:10, na mara nyingi husomwa aya hiyo peke yake. Tunaijua kwa moyo: zaka ziletwe ghalani, na Bwana atafungua madirisha ya mbinguni. Baada ya mahubiri huja matoleo, na baada ya ibada huja mnada nje ya kanisa. Kuna debe la mahindi, ndoo ya viazi, kapu la maparachichi, jogoo aliyefungwa miguu. Mwenye lori humnunua jogoo kwa bei ya mbuzi, hushangiliwa, kisha humrudisha auzwe mara ya pili na ya tatu. Tunaupenda mnada huo. Mabati mengi ya makanisa yetu yametoka humo, na watoto wasingetusamehe tukiufuta. Tunakosoa jinsi tunavyoisoma Biblia siku hiyo.

Mtu akirudi nyuma aya tano tu, hadi Malaki 3:5, atamkuta Bwana akija kuhukumu. Wanaoshitakiwa ni wachawi, wazinzi na waapao kwa uongo; na katika orodha hiyohiyo wamo wamwoneao mwajiriwa katika mshahara wake, wamwoneao mjane na yatima, na wamnyimao mgeni haki yake. Halafu, katika aya ya 8, linakuja lile swali zito la mwanadamu kumwibia Mungu. Waliomsikiliza nabii walisikia wizi wa namna mbili katika hotuba moja: mshahara wa kibarua na zaka ya hekalu. Sisi tumeusikia mmoja. Kwa miaka mingi tumefundishwa, na wengine wetu tumefundisha, kwamba mwizi wa Malaki ni yule asiyejaza bahasha. Aliyejaza bahasha kwa fedha ya posho ambayo hakuwalipa wapasua mbao wake hajaguswa na mahubiri yetu. Ameshangiliwa mnadani.

Tuulize pia ghala hilo lilikuwa la nini. Torati 14:28-29 inaagiza kwamba kila mwaka wa tatu zaka iwekwe malangoni mwa mji, ili Mlawi asiye na shamba, mgeni, yatima na mjane wale na kushiba. Nehemia 13 inaonyesha ghala hilo likiharibika kutoka ndani. Kuhani Eliashibu alikuwa amempa Tobia, jamaa yake, chumba kikubwa kilichokuwa kikiwekwa sadaka za nafaka na zaka. Walawi nao, kwa kukosa sehemu zao, walikuwa wamekimbilia kila mtu shambani kwake. Nehemia aliporudi alivitupa nje vyombo vya Tobia, akaagiza vyumba visafishwe, akawagombeza wakuu. Ni baada ya hapo ndipo Yuda yote ilipoleta zaka ya nafaka na divai na mafuta. Utaratibu huo tuushike: Nehemia alisafisha ghala kwanza, zaka ikafuata. Hatukumbuki kusikia Nehemia 13 ikisomwa kwenye sikukuu ya mavuno.

Makambako ni mji wa maghala, kwa hiyo neno hilo kwetu si fumbo. Hapa barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia inakutana na ile ya Njombe na Songea, na hapa pana stesheni ya TAZARA, reli iliyokabidhiwa mwaka 1976. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kanda yake hapa. Wafanyabiashara nao wana maghala yao, na kila mkulima anajua kwamba mahindi aliyoyauza Julai kwa haraka ya ada ya shule yatakuwa na bei nyingine kabisa Februari, mikononi mwa mtu mwingine. Wahubiri wakitaka kuitetea hekima ya kuweka akiba humtaja Yusufu. Ni haki, maana Mwanzo 41 yasifu busara yake ya kuweka sehemu ya tano katika miaka saba ya shibe. Lakini wasiishie hapo. Katika Mwanzo 47 chakula hichohicho kinauzwa kwa watu wenye njaa, kwanza kwa fedha yao, kisha kwa mifugo yao, mwisho kwa mashamba yao na nafsi zao. Biblia haifichi jambo hilo, nasi hatuna sababu ya kulificha.

Sasa tufike kwa tajiri wa Luka 12:16-21. Huyu huhubiriwa kama mchoyo, na wasikilizaji hutulia, kwa sababu hakuna anayejiita mchoyo. Somo lenyewe halisemi aliiba. Shamba lake lilizaa sana, na hilo huku kwetu tungeliombea sala ya shukrani. Alifikiri, akapanga, akakusudia kuvunja maghala yake na kujenga makubwa zaidi. Benki ingemkopesha. Lakini sikiliza anavyosema. Mavuno ni yake, maghala ni yake, vitu vyema ni vyake, hata roho anayozungumza nayo ni yake mwenyewe. Shamba kubwa namna hiyo halivunwi na mtu mmoja. Walikuwapo waliokata, waliobeba, waliopura, waliopepeta, na wanawake waliokuja nyuma kuokota masazo kama Walawi 19 inavyoruhusu. Katika maneno yake yote hayumo hata mmoja wao.

Katika sura hiyohiyo, aya ya 42, Bwana Yesu anamtaja wakili, na hapa ndipo fundisho letu la uwakili linapohitaji kurekebishwa. Mitaani wakili ni mtu wa mahakamani. Kanisani tumeligeuza neno likawa jina la makusanyo: semina ya uwakili ni semina ya ahadi na bahasha, na mkristo anayeitwa wakili mwema ni yule aliyeleta. Wakili wa Luka 12:42 amewekwa ili awape watumishi wa nyumba posho yao kwa wakati wake. Kazi yake ni kutoa, na kipimo chake ni saa. Wakili mbaya, katika aya ya 45, anaona bwana wake amekawia, anaanza kuwapiga watumishi, na yeye anakula na kunywa. Wala hasingiziwi kwamba alipunguza mali ya bwana wake. Huenda vitabu vyake vya hesabu vilikuwa safi.

Tunawacheka wahubiri wa mafanikio wanaopaza sauti kule stendi, wakiahidi gari kwa atakayepanda mbegu ya fedha. Kicheko chetu kina haraka. Malaki wao na Malaki wetu wameanzia aya ileile na kuishia aya ileile.

Sisi Walutheri tuna deni la ziada katika jambo hili. Vijana wetu wa kipaimara wanakariri amri ya saba, usiibe. Martin Luther, katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, alipoieleza amri hiyo hakukaa na kibaka anayevunja sanduku usiku. Alikwenda sokoni, kwenye mizani na vipimo, na kwa mtu anayemlalia mwenzake bei mchana kweupe. Angefika Njombe msimu wa viazi angeikuta lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Lumbesa hushonewa kilemba juu, na mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Amosi 8:5 inawakemea wauzaji waliopunguza efa. Huku kwetu mnunuzi ndiye anayeiongeza, na anayeumia ni yuleyule. Tunawafahamu waumini wanaonunua kwa lumbesa, na tunawafahamu waumini wanaouza kwa lumbesa kwa sababu gari likiondoka viazi vitaoza. Wote hukaa benchi moja na kushiriki kikombe kimoja. Tumewahi kuhubiri juu ya ulevi wa ulanzi mara ngapi, na juu ya lumbesa mara ngapi?

Kuhusu ardhi tuseme kwa ufupi, ingawa inastahili insha yake. Walawi 25:23 inakataza kuuza nchi moja kwa moja, kwa kuwa ni ya Bwana na sisi ni wageni kwake. Misindano na parachichi zimepandisha thamani ya vilima vyetu, na zipo familia zilizouza shamba la babu ili kununua pikipiki. Leo vijana wao wanapalilia shamba hilohilo kwa posho ya siku. Hatusemi anayenunua ametenda dhambi. Tunasema mtu anapoleta mauzo ya ekari zake za mwisho kama sadaka ya shukrani, mchungaji anaweza kumuuliza swali kabla ya kumwombea.

Haya hatuyaandiki kama watu walio nje. Baadhi yetu tulikuwa katika kamati ya ujenzi ya usharika mmoja ambao hatutautaja. Kina mama walitubebea kokoto na maji kwa posho ya siku. Fedha ya mnada ilipopatikana tulisikia kwamba bei ya mabati inapanda, tukanunua mabati, na kina mama wakaambiwa wasubiri. Walisubiri wiki tano. Jumapili ya nne mama mmoja kati yao, mjane, alipita mbele na bahasha yake kama kawaida. Baadaye tulijua fedha ile alikopa kwa jirani, maana aliona aibu kukaa. Siku hiyo mhubiri alimtaja mjane wa senti mbili, Marko 12:41-44, kama mfano wa utoaji. Aya ya 40 haikusomwa. Hiyo ndiyo inayosema juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Wala hatukuendelea hadi mwanzo wa sura ya 13, ambapo mwanafunzi mmoja anayastaajabia mawe ya hekalu, na Yesu anamjibu kwamba halitasalia jiwe juu ya jiwe. Sisi tulikuwa tukiyastaajabia mabati.

Tulipoleta jambo hilo kwenye baraza, mzee mmoja tunayemheshimu alisema, "Wapendwa, kanisa si kampuni. Hawa ni washarika, wanamfanyia Mungu kazi." Alisema kweli nusu, na ile nusu ndiyo iliyotukwamisha, kwa sababu wapo waliojitolea kwa hiari na tunawashukuru. Lakini kina mama hawa waliahidiwa posho. Torati 24:15 inataka kibarua alipwe siku yake, kabla jua halijatua, kwa sababu ni maskini na moyo wake ameuweka juu ya fedha hiyo. Haimtofautishi msharika na mtu wa nje. Baraza lilikubali, si kwa furaha ya wote, kwamba fedha yoyote ya mnada itoe kwanza posho za vibarua, ndipo yatangazwe mapato.

Mnada uliofuata jogoo aliuzwa mara tatu kama kawaida. Kabla ya kusoma jumla, mhasibu aliwaita waliobeba kokoto mmoja mmoja kwenye mlango wa ubavuni, wakatia sahihi au dole gumba. Yule mama hakuwepo. Alikuwa amekwenda Lupembe kuchuma chai, na bahasha yenye jina lake bado iko kwa mhasibu.