Tairi la Mgongoni: RAV4 Ilivyobadilika Tangu 1994

Ukitaka kuielewa RAV4, anzia nyuma. Katika matoleo matatu ya kwanza tairi la akiba lilibebwa mgongoni, juu ya mlango usiopanda juu bali unaofunguka kwa pembeni, bawaba zikiwa kulia. Mpangilio huo unakubaliana na barabara za Japani. Gari linapita kushoto na kuegeshwa kushoto, hivyo anayepakia mizigo kutokea pembezoni mwa barabara anaikuta buti wazi mbele yake. Nasi Dar es Salaam, Mombasa na Kampala tunapita kushoto, kwa hiyo mlango ule ulitufaa bila sisi kuuomba. Kule Marekani, magari yanakopita kulia, mlango uleule ulimzuia mpakiaji, na wateja wa huko waliulalamikia kwa muda mrefu.

Lakini kwa nini tairi likae mlangoni? Jibu limo katika uamuzi mkubwa uliolizaa gari lenyewe. Toyota ilionyesha gari la majaribio katika maonyesho ya Tokyo mwaka 1989, na RAV4 ikaingia sokoni Mei 1994 chini ya mhandisi mkuu Masakatsu Nonaka. Ilikuwa na milango mitatu, injini ya lita 2 aina ya 3S-FE, na mita 2.2 tu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Upana wake, mita 1.695, uliiweka ndani ya kundi la magari madogo kwa sheria za Japani. Magari mengi ya porini ya wakati ule yalijengwa juu ya chesi nzito. Nonaka na wenzake waliiacha chesi, wakaifanya bodi yenyewe ndiyo mhimili, wakailaza injini kwa upana kama katika gari dogo la mjini, na kila gurudumu likapewa suspensheni yake lenyewe. Gari likawa jepesi, tulivu barabarani na lisilokunywa mafuta sana. Gharama yake ikaonekana nyuma: katika urefu mdogo hivyo, chini ya sakafu kulikuwa na difu, mikono ya suspensheni na tangi la mafuta, na tairi halikupata mahali. Likapelekwa mlangoni.

Hapo ndipo vifaa vya nyongeza vilipoanza kuota. Kava la tairi likawa sura ya gari kwa nyuma. Wengine walivua tairi la kiwandani wakaweka kubwa zaidi, na hesabu ya bawaba ikaharibika. Tairi na rimu yake hufikia karibu kilo 20, zinazoning'inia mbali na bawaba na kutikiswa kila gari linapopita kwenye shimo. Kabla ya kununua RAV4 ya zamani, fungua mlango wa nyuma nusu, shika ukingo wake wa chini ulio mbali na bawaba, unyanyue. Mlango ukicheza, angalia pale komeo linapoingia: utakuta chuma kimelika upande mmoja. Halafu pitisha kidole kwenye raba ya kuzibia. Penye vumbi jekundu la barabara ya kijijini, mlango umeshalegea na haukazi tena.

Chini ya gari mambo yalibadilika zaidi, ingawa machoni hayaonekani. Toleo la kwanza lenye giaboksi ya mkono lilizungusha magurudumu yote manne muda wote, na dereva aliifunga difu ya katikati kwa kitufe. Toleo la pili, la mwaka 2000, lilikikabidhi kazi hiyo kiungo chenye sahani nyingi zilizozama katika mafuta mazito ya silikoni: mbele na nyuma vikitofautiana mwendo, mafuta hupata joto, hukaza, na nguvu hugawanywa upya. Ni ufundi mzuri, ila unadai nidhamu ya tairi. Ukifunga tairi mbili mpya mbele na kuacha mbili zilizokwisha nyuma, mzingo hautalingana. Kiungo kitadhani gari linateleza safari nzima kutoka Dar hadi Morogoro, na kitaungua polepole. Hili huwaponza watu wengi, maana tairi ndicho kitu cha kwanza tunachobania matumizi.

Toleo la tatu, la 2005, likaleta kompyuta. Katika mwendo wa kawaida nguvu hukaa mbele, na kiungo cha umeme huipeleka nyuma inapohitajika, hadi asilimia 45. Kitufe cha kufunga kipo, lakini hujiachia gari likizidi kilomita 40 kwa saa. Kwenye tope la masika, asiyelijua hilo huongeza mwendo akidhani bado amefunga.

Toleo hilo ndilo lililojaa kwetu, pamoja na ndugu yake mrefu, Vanguard, aliyetoka 2007. Sababu iko Japani, tunakoagiza magari mengi yaliyotumika. Toleo la nne, lililozinduliwa mwishoni mwa 2012, halikuuzwa huko. Wajapani waliendelea kununua la tatu hadi 2016, na wengine wakahamia Toyota Harrier. RAV4 ilirudi katika soko hilo Aprili 2019 ikiwa toleo la tano. Kwa hiyo toleo lililoondoa tairi mlangoni, likalificha chini ya sakafu na kufanya mlango upande juu, ndilo tunalolikuta kwa nadra katika meli zitokazo Japani.

Kadiri gari lilivyokua, ndivyo kiwanda kilivyozimeza nyongeza za gereji. Daraja la Adventure la toleo la tano linakuja na sura ya ushupavu ambayo zamani ilitengenezwa mtaani. Nafasi ya fundi imepungua, na si kwa ubaya. Ngao ya chuma iliyofungwa mbele ya gari la 1998 iliongeza uzito tu. Kwenye toleo la tano nyuma ya nembo ya mbele kuna rada, na ngao inaweza kuifumba macho hata breki za dharura zikakosa taarifa. Spesa za kuinua gari nazo huzipinda shafti za magurudumu kupita pembe zilizokusudiwa, na raba zake hupasuka mapema. Naheshimu sana kazi ya mafundi wetu, na ndiyo maana napenda wapewe michoro ya magari haya mapya.

Hata ukaguzi wa kale umepitwa. Zamani, ili kujua kama RAV4 inavuta kwa magurudumu yote, uliinama na kutafuta propela shafti. Isipokuwepo, ulijua inavuta mbele peke yake. RAV4 ya haibridi yenye mfumo wa E-Four haina propela shafti, na bado magurudumu ya nyuma yanavuta: yana mota yao ya umeme, iliyounganishwa na mbele kwa nyaya. Siku hizi anayeinama atafute kebo nene za rangi ya chungwa, na asizishike.