Maandishi ya Magari Yetu

Msomaji, ukisimama asubuhi kando ya barabara pale Chemchem, mjini Tabora, hutakosa kitu cha kusoma hata kama hukuchukua kitabu. Bajaji hupita na maneno mgongoni. Pikipiki ina maneno kwenye kipande cha mpira kizuiacho tope. Lori litokalo Urambo na tumbaku lina maneno juu ya kioo cha mbele na mengine kwenye bodi. Wengi waliosoma huyadharau maandishi haya na kuyaita upuuzi wa madereva. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nami naona yafaa tuyahukumu kama tuhukumuvyo insha za wanafunzi wetu, mazuri yasifiwe, na mabaya yaambiwe ubaya wao.

Kwanza tusidhani kwamba jambo hili ni geni katika njia hii. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mali yote ilichukuliwa mabegani na vichwani, nao wapagazi wa Kinyamwezi hawakwenda kimya kama watu waliofungwa. Kirangozi alitangulia na bendera, amevaa nguo nyekundu, na kichwani amejipamba kwa ngozi na manyoya. Wachukuzi wa pembe za ndovu, waliojiona bora kuliko wenzao, walifunga kengele ya ng'ombe kwenye ncha ya pembe, isikike toka mbali kwamba wanakuja. Pembe ile ilikuwa mali ya tajiri, walakini mlio ulikuwa wa mchukuzi. Hapa ndipo nionapo mzizi wa habari yenyewe. Kijana aendeshaye bajaji leo mara nyingi si mwenye bajaji. Kila jioni humpelekea tajiri wake hesabu. Chuma si chake, wala magurudumu si yake. Maneno ya nyuma ndiyo yake.

Basi, maneno yenyewe yana thamani gani? Mengi hayana. Yako yale ya kujigamba, yanayowaambia wenye husuda kwamba watachoka bure. Nami nimeyaona nyuma ya gari lililokuwa likisukumwa na watu wanne. Yako majina ya timu za mpira, Simba na Yanga, na zile za Uingereza, ambayo hayatuambii neno lo lote juu ya mwenye gari ila kwamba Jumamosi hatapatikana. Na ziko stika za kununua, zilizokatwa kwa mashine, herufi zote sawasawa, ambazo utaziona Nzega, utaziona Kigoma, na ukifika Dar es Salaam utazikuta zimekutangulia.

Mtu aweza kunijibu, ‘Mwalimu, na kanga je? Maneno ya kanga nayo huchapwa kwa maelfu.’ Ni kweli. Tangu Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye watu walimjua kwa jina la Abdulla, akina mama wamekuwa wakinunua maneno yaliyokwisha kuandikwa na mtu mwingine. Lakini mwanamke achaguapo kanga dukani humfikiria jirani fulani, au mume, au mkwe. Huivaa siku ile apitapo mlangoni pake, na mlengwa hujua. Neno la kiwandani limepata mwenyewe na limepata msikiaji. Stika ya gari kwa kawaida haina msikiaji. Humwambia kila aliye nyuma, yaani haimwambii mtu.

Watu wa Nairobi wamekwenda mbali kuliko sisi. Matatu zao huchorwa ubavu mzima, nyuso za waimbaji na wacheza mpira, taa za kila rangi ndani na nje. Mwaka 2004 serikali ya Kenya iliamuru magari hayo yapigwe mstari wa manjano, na michoro ikafutwa. Baada ya miaka ilirudi kwa nguvu. Nawasifu mafundi wale kwa mkono wao. Hata hivyo, uso wa mwimbaji wa Marekani ni uso ambao mchoraji hakuwahi kukaa nao chakulani, na jambo hilo huonekana.

Maandishi yanishindayo nguvu ni yale ya wafu. Huko Marekani ni desturi iliyoenea kubandika kwenye kioo cha nyuma jina la marehemu pamoja na mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa, hata gari likawa kama jiwe la kaburi litembealo. Kwetu hutokea kwa namna nyingine. Kijana wa pikipiki huandika jina la mwenzake aliyegongwa barabarani. Mwingine huandika jina la baba aliyemwachia shamba. Hapa msikiaji yupo, tena mmoja tu, naye hasomi tena.

Nimekuwa nikiitazama bajaji moja ya pale Chemchem yenye maneno matatu, ‘Malehemu mama yangu’, na chini yake jina. Imeandikwa kwa brashi na rangi ya mafuta, ile ile ya baiskeli ambayo Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, aliifanyia picha zinazosifiwa leo ulimwenguni. Herufi zinainama upande wa kulia kama watu wapandao mlima, na ya mwisho imebanwa kwa kukosa nafasi. Nakiri kwamba siku ya kwanza jicho langu liliona kosa tu. Ulimi wa Kinyamwezi hupenda l mahali pa r, nami nimetumia miaka mingi na wino mwekundu mwingi kupigana nao. Nikamwambia mwendeshaji neno hilo huandikwaje. Akanisikiliza kwa adabu, akasema, ‘Shikamoo mwalimu, najua. Yeye ndivyo alivyotamka alipomtaja bibi.’

Sikuwa na jibu. Katika madaftari yote niliyosahihisha sikumbuki kosa lililowekwa kwa sababu nzuri kuliko ile. Na kama mwanafunzi wangu angelifanya hivyo katika insha, naogopa ningalimkata alama na kuendelea na daftari la pili.

Tena bajaji ile si yake. Mwaka huu tajiri ameamua kuiuza, na mnunuzi hataki jina la mfu katika chombo chake. Siwezi kumlaumu, maana wako watu wengi wenye hofu hiyo, naye ametoa fedha zake. Fundi rangi alikuwa tayari kuifuta kwa nusu saa. Kijana aliomba aachiwe kazi ile mwenyewe, akaifanya jioni chini ya mwembe kwa msasa na kitambaa, akianzia neno la kwanza na kuliacha jina mwisho. Mimi nilipita nikitoka shuleni, nikasimama kidogo, nikampa pole. Akanionyesha kwamba rangi imetoka yote, lakini bati lilikuwa limepauka kila mahali isipokuwa pale palipofunikwa na herufi. Ukiinama kidogo, jua likiwa chini, l ile bado inasomeka.