Neno la Katikati: Uhakiki wa Lugha ya Onyo katika Taarifa za Maporomoko ya Theluji za Milima ya Alpi

Makala haya yanahakiki matini ambayo wahakiki hawaijali: taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji inayotolewa majira ya baridi katika nchi za Milima ya Alpi. Nchini Uswisi huandaliwa na taasisi ya SLF iliyopo Davos. Hadhira yake ni wapanda milima na watelezaji wa ski wanaokwenda mbali na njia zinazolindwa. Msomaji wa riwaya akikosea hurudi ukurasa wa nyuma. Msomaji wa taarifa hii huenda asirudi. Hoja yetu ni kwamba matini hii ni imara katika maelezo yake, lakini ni dhaifu katika neno linalosomwa kuliko yote.

Mwaka 1993 idara za tahadhari za Ulaya zilikubaliana kutumia mizani moja ya ngazi 5. Kwa Kiswahili tunaweza kuzieleza hivi: hatari ndogo, ya wastani, kubwa kiasi, kubwa, na kubwa sana. Ngazi ya 3, ambayo Wajerumani huiita erheblich na Wafaransa marqué, imeketi katikati. Kwa mtu aliyelelewa na alama za mtihani, 3 kati ya 5 ni kufaulu. Kumbe hatari haipandi kwa hatua zilizo sawa. Katika ngazi hiyo, uzito wa mtu mmoja waweza kuangusha theluji katika miteremko mingi mikali. SLF yenyewe hueleza kwamba ngazi ya 3 hutangazwa katika takriban asilimia 30 ya siku za majira ya baridi, ilhali takriban nusu ya vifo hutokea ngazi hiyo ikiwa imetangazwa. Nambari inatuliza pale ambapo neno lilipaswa kushtua.

Chini ya nambari hiyo, hata hivyo, kuna uandishi wa kuheshimika. Taarifa hutaja miteremko inaelekea upande gani, hatari inaanzia kimo gani, na chanzo chake ni kipi kati ya vitano: theluji mpya, theluji iliyorundikwa na upepo, tabaka dhaifu la kudumu, theluji iliyolowa, au theluji inayoteleza juu ya ardhi. Msomaji huelewa kwamba chembe zisizoshikamana zimefunikwa na bamba gumu; kwamba kwenye mwinamo unaozidi digrii 30 hatua moja yaweza kuvunja tabaka hilo, ufa ukakimbia na bamba zima likaondoka; na kwamba mvumo chini ya miguu ni ishara ya kurudi. Matini haimwamrishi msomaji. Humpa sababu, kisha humwachia uamuzi.

Wapo watakaosema kwamba mtu mwenye haraka anahitaji nambari. Tunakubali. Lakini ikiwa wengi huishia kwenye nambari, basi neno lililoandamana nayo ndilo lenye kubeba mzigo wote, na neno la kupima ukubwa haliwezi kuubeba.

Suala hili si la Waswisi peke yao. Kiswahili hutumia neno maporomoko kwa theluji, kwa maji na kwa ardhi. Theluji tumeipata kwa Waarabu. Barafu ina asili ya Kiajemi, ambako neno hilo hutaja theluji yenyewe. Maneno husafiri na kubadili maana, na mizani za hatari husafiri vivyo hivyo. Baada ya Bududa mwaka 2010 na Kalehe mwaka 2023, ni rahisi kwa washauri wa sera kuazima ngazi hizo 5 na kuzitafsiri neno kwa neno kwa ajili ya maporomoko ya ardhi. Wakifanya hivyo, mkulima wa mlimani ataambiwa kwamba hatari ni “kubwa kiasi”, na “kiasi” ndilo neno atakalolala nalo.

Tunapendekeza onyo litaje kinachotosha kuleta maafa badala ya kupima ukubwa wake. Huko Alpi: mtu mmoja anatosha. Kwetu: mvua ya usiku mmoja inatosha. Sentensi ya namna hiyo haina katikati ya kujificha.