Pongezi kwa walimu wa Shule ya Jumapili

Jumamosi mama mmoja, mwalimu wa Shule ya Jumapili, yuko sokoni Kwa Sadala na mikungu yake ya ndizi. Jumapili asubuhi utamkuta chini ya mti nje ya kanisa, amepiga magoti mbele ya mtoto wa miaka minne, anamfunga kamba za viatu huku akiendelea kuimbisha wenzake. Hana mshahara kwa kazi hiyo. Chaki mara nyingi hununua mwenyewe.

Injili ilifika Machame na wamisionari wa Leipzig mwaka 1893, na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) likaundwa 1963. Historia hiyo tunaisimulia kwa majina ya wachungaji na maaskofu, na wanastahili. Lakini wengi wetu sala ya kwanza tulifundishwa na mama kama huyu.

Yesu alipoulizwa nani mkubwa, alimsimamisha mtoto katikati ya wanafunzi wake. Mwalimu huyu anakaa hapo hapo, kati ya watoto, anacheka nao, anakosea wimbo na kukubali kusahihishwa nao. Unyenyekevu wa namna hiyo ni adimu hata madhabahuni.

Wazee wa kanisa, katika bajeti ijayo wakumbukeni walimu hawa: wapeni chaki, vitabu na mikeka.